Siku moja maishani mwangu: natafuta joto, unyevu unanifuata

Saa 12 na nusu asubuhi nishakaa kwenye daladala ya Tunguu hapa Zanzibar, mvua ya masika imepiga usiku kucha, vioo vinatoka jasho, na mie hapo hapo nshaanza kuwaza kazi yangu, kutengeneza sensa ya kusoma joto bila kugusa, maana unyevu ndo adui yangu mkubwa.

Saa 2, maabara. Natoa PEDOT:PSS, plastiki inayopitisha umeme iliyo ndani ya maji, buluu iliyokoza kama wino, natia DMSO kidogo, kimiminika cha maabara (hapo upitishaji umeme unaweza kupanda mara mia), natonesha juu ya kioo kinachozungushwa kwa kasi, inabaki ngozi nyembamba unaona hadi upande wa pili. Na hii ni plastiki jamani! Wanasayansi Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionesha mwaka 1977 kuwa plastiki iitwayo poliasetilini ikitiwa iodini inapitisha umeme, wakapewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000.

Saa 4 inakauka kwenye hotpleti, nyuzi 120.

Saa 7 nshasali, naenda kula wali maharage kwa bi mkubwa hapo nje. "Shikamoo bi." "Marahaba mwanangu, hicho kidude kishajua karafuu?" Kwao Pemba, anajua karafuu mbichi zikirundikwa zinapata moto na kuharibika, na mie ndo nataka sensa isome joto la rundo bila kuligusa.

Saa 8 ndo utamu wenyewe. Mwili wa mtu unatoa infraredi, mawimbi ya joto yasiyoonekana, mengi yana urefu wa karibu na mikromita 10, ile ngozi ya plastiki inayameza, inapata joto, ukinzani wake wa umeme unashuka. Shida, PSS iliyo ndani yake inakunywa maji ya hewani, basi hata ukiipumulia namba inakimbia na hujui lipi joto lipi unyevu. Kwa hiyo naweka ngozi mbili pamoja, moja wazi moja nyuma ya foili, unyevu zinapata sawa, tofauti inayobaki ndo infraredi. Nikasogeza mkono, namba ikashuka taratibu. Nikakinga kwa kioo, kimya! Nikakinga kwa polithini nyembamba, ikashuka tena, kwa sababu kioo kinazuia mawimbi haya na polithini inayapitisha, bas kifuniko cha sensa nshakipata.

Saa 10 dogo mmoja akaniuliza, kaka si tununue tu sensa zilizo tayari? Nikamwambia zile za vanadiamu oksaidi kwa wepesi wa kuhisi zinatushinda, sikatai, ila zinataka viwanda vya vakyumu, yaani vya kufanyia kazi pasipo hewa, hii yetu ni maji, unaweza kuichapa kama wino hata kwenye plastiki pana ukaitandaza juu ya rundo zima.

Saa 11 naifunga sensa kwenye boksi na silika jeli ya kunyonya unyevu ndani, naiacha inarekodi mpaka asubuhi, mvua ishaanza tena.