Nne kwa Moja

Jumapili, tarehe 16 Novemba 2025, soli ya raba yangu ya kushoto iliachia kabla hatujatoka hata Katuba, sehemu yetu ya mji wa Lubumbashi, Kongo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, matope yameshika, na kila nikiinua mguu kiatu kinapiga makofi.

"Papa, kiatu yako inasema," akaniambia binti yangu.

Nikaifunga kwa uzi wa mfuko wa unga, tukaendelea. Raba hizo ndizo ninazotembelea na ndizo ninazochezea. Mimi ni beki wa kushoto katika timu ya maveterani wa mtaa wetu, nafasi niliyopewa baada ya mbio kuniacha, maana huko kushoto, anasema kapteni, huwezi kuharibu sana.

Kutoka kwetu hadi kiwanja cha udongo upande wa Kamalondo ni kama dakika hamsini kwa miguu. Mke wangu huuliza kwa nini tusipande taksibasi. Nauli ipo, si kwamba haipo. Lakini ndani ya taksibasi magoti yamebanwa, muziki umepandishwa hadi mwisho, na mtoto wa miaka kumi anatazama dirishani tu, haulizi kitu. Akitembea huuliza. Nimegundua pia kwamba huuliza mambo magumu pale anapokuwa mbele yangu hatua mbili tatu, amenipa mgongo. Kwa hiyo nami sijitahidi kumfikia.

Tangu Machi tuko watatu. Wa tatu ni mvulana wanayesoma darasa moja, aliyetoka Bukavu na mama yake baada ya waasi wa M23 kuuchukua mji ule mwezi wa Februari. Wamefikia kwa shangazi yake, nyumba ya nne kutoka kwetu. Siku za kwanza watoto wa mtaani walimcheka kwa sababu anasema "bugali". Hapa Lubumbashi ni bukari, na ukisema vinginevyo watu wanakutazama kama umeomba chakula cha Wazungu. Sasa binti yangu naye anasema bugali, na mama yake hajafurahi.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa imejaa Doha. Jumamosi, serikali yetu na M23 walitia sahihi kule Qatar mapatano ya mfumo wa amani, yenye itifaki 8, na kati ya hizo 2 tu ndizo zilizokuwa tayari: ile ya kubadilishana wafungwa na ile ya kusimamia usitishaji wa mapigano. Nyingine zilikuwa zimebaki kujadiliwa.

"Papa, bamesaini nini?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema ni kama sisi na maveterani wa Kenya. (Kenya ni komini, sehemu ya mji, jirani na kwetu; wasomaji wa Nairobi msishtuke.) Kabla ya mechi tunakubaliana: hakuna kuteleza miguuni, hakuna mchezaji chini ya miaka 35, mwamuzi asitoke kwao wala kwetu. Halafu mpira unaanza.

"Na munaheshimu?"

"Mara nyingine."

Akanyamaza. Mvulana ndiye aliyesema, polepole, kama anayehesabu: mpira wake ulibaki juu ya bati la jirani yao, Kadutu, kule Bukavu. Ulipanda huko siku mbili kabla hawajaondoka, na jirani alikuwa ameahidi kuleta ngazi. Je, itifaki zile zikimalizika zote, jirani atakuwa ameushusha au atawangoja warudi?

Nilimwambia mpira wa plastiki haukai sana juani. Jibu la kipumbavu. Nililifikiria wiki nzima. Yeye alitikisa kichwa tu, akaruka dimbwi.

Kiwanjani, maveterani wa Kenya walikuwa wameleta winga mpya. Kijana ana kiuno cha nyigu, anapasha misuli kwa mateke ya juu kana kwamba anatafuta maembe. Kapteni wetu akadai karte ya uchaguzi, maana huku kwetu ndicho kitambulisho. Kijana akaitoa mfukoni bila wasiwasi: amezaliwa 1988. Picha ni yake. Tukaipitisha mkono kwa mkono, watu ishirini na wawili na mwamuzi, tukacheka hadi mwamuzi akasema basi, kama serikali imeandika, mimi ni nani.

Upande wangu. Alinipita mara ya kwanza na uzi wa mfuko ukakatika. Mabao mawili yalitoka kwangu. La tatu nalikataa.

Wakati wa mapumziko mambo yalibadilika. Kiungo wetu alikuwa amecheza na simu ndani ya kaptula, inatetemeka kila dakika. Ana binamu wanaochimba madini kwa mikono huko mkoa wa Lualaba, na Jumamosi daraja lilikuwa limeanguka kwenye mgodi wa Kalando, watu zaidi ya 30 wamekufa. Hakujua kama wake wamo. Akavua jezi, akampa kapteni, akaondoka akitafuta mtandao. Hakuna aliyemwita arudi. Tulimaliza tukiwa kumi, wakatufunga nne kwa moja, na hata wao hawakushangilia la nne. Jioni alituma ujumbe: binamu wako salama, walikuwa wamelala siku hiyo.

Kurudi tulipitia karibu na uwanja wa Mazembe, klabu yangu. Hapo ndipo binti yangu hunitania, kwa sababu yeye ni Lupopo, mahasimu wetu wa mji huu huu, ameurithi ugonjwa huo kwa babu yake mzaa mama, mfanyakazi wa reli. Mimi ni kunguru, ndivyo tunavyoitwa watu wa Mazembe, nitakufa kunguru. Nilimnunulia kila mmoja munkoyo, kinywaji cha huku kwetu, nikawasimulia Zaire, ndiyo Kongo ya zamani, kwenye Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani: mabao 9 ya Yugoslavia, na Mwepu Ilunga, mtu wa Mazembe, aliyetoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu wa Brazil kabla wao hawajaupiga.

"Ulimuona?"

Nilizaliwa 1979. Nimeisimulia mara nyingi hadi nasahau.

Usiku, saa tatu, ilikuwa zamu ya Leopards, timu yetu ya taifa, na Nigeria mjini Rabat, Morocco. Umeme ulikuwa umekatika, tukajaa kwa jirani mwenye betri. Dakika ya tatu Nigeria wakafunga. Meschack Elia akasawazisha kabla ya mapumziko, kisha ikawa ngoja ngoja hadi penalti. Kocha alimtoa Mpasi golini dakika za mwisho kabisa, akamwingiza Fayulu kwa ajili hiyo tu. Chancel Mbemba akamalizia, nne kwa tatu. Bado haikuwa tiketi ya Kombe la Dunia, ilikuwa ya mchujo wa Machi 2026, lakini ukiniambia hivyo usiku ule ningekufukuza. Sufuria zilipigwa hadi saa saba. Mvulana wa Bukavu alipita mbio na shuka la shangazi mabegani.

Binti yangu alikuwa amelala juu ya mkeka tangu muda wa nyongeza. Nikamwamsha.

"Tumeshinda. Nne kwa tatu."

Akafungua jicho moja. "Na ule wa karte alicheza?"

Nikamwambia hapana. Akalala tena.