Nilivyopata mwalimu wa utafiti kupitia mnada wa samaki Bagamoyo

Chuoni kwetu mwanafunzi wa sosholojia anafanya utafiti mwaka wa mwisho, na msimamizi wake humpata kwa kumvizia. Mimi nilitaka kuanza mapema, chini ya mtu anayeijua kazi. Wenzangu walizunguka ofisini kwa wahadhiri wakiomba nafasi, wakaambiwa watapigiwa simu. Mpaka leo.

Likizo ile nilikuwa nyumbani Bagamoyo. Nikaandika kurasa mbili kuhusu mnada wa samaki pale ufukweni: nani anasimama mbele, nani anangoja dalali amalizane na wanunuzi wakubwa, wakaanga samaki wanavyochangishana kununua ndoo moja. Nikampelekea Dokta mmoja aliyekuwa na mradi kuhusu mikopo ya wanawake. Zilirudi zimejaa wino. Pembeni ya "wanawake wanalalamikia bei" ameandika: Nani? Alimwambia nani? Dalali alikuwepo? Nikajua nimempata mwalimu, nikajiunga na mradi wake.

Kibali cha utafiti kifuatilieni mapema. Barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na wa Pwani yuko Kibaha, ndipo irudi wilayani na kwenye kata. Kuombea Kibaha ruhusa ya kuzungumza na jirani yako! Ndiyo taratibu.

Kilichonitesa hasa ni fomu ya ridhaa, ile anayosaini mtu kukubali kuhojiwa. Wengi wa akina mama wakaanga samaki wale wana mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na kila mkopo ulianza na karatasi na sahihi. Nikitoa fomu tu, mtu anainuka kwenda kugeuza samaki aliyemtia kwenye mafuta sasa hivi. Nikampigia Dokta. Akaniuliza, "Hiyo fomu inamlinda nani?" Tukaiandikia kamati ya maadili, tukaruhusiwa kuchukua ridhaa ya mdomo na kuirekodi.

Asubuhi mnadani nikaacha kuuliza kitu. Nilikwenda mchana, wakati wa kupaa samaki. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, chukua kisu, hapa hatukai bure." Habari za marejesho, na za mume asiyejua kama kuna mkopo, zilitoka hapo, magamba yakirukia simu inayorekodi.

Malipo yalikuwa nauli na chakula. Sikuyajali sana, ila kabla ya kukubali niliuliza kama data nitaitumia kwenye tasnifu yangu na jina langu litakaa wapi kwenye ripoti, na majibu nikayapata kwa maandishi. Maana wapo wahadhiri wanaomtwika mwanafunzi kazi ya kuandika maneno ya rekodi za sauti tu, wakasema wanamlea. Hicho ni kibarua.

Wangu tulikaa naye kusoma mahojiano, kila mmoja na alama zake, kisha tunabishana. Dodoso lake liliuweka upatu, ule mchezo wa kuchangiana na kupokezana kwa zamu, kwenye akiba. Nikamwonyesha maneno ya mama aliyekwishapokea zamu yake: kwake kila mchango uliobaki ni deni, na analikopea kausha damu ili asiaibike kwa wenzake. Dokta akasoma, akasoma tena, akauhamishia upatu kwenye sehemu ya madeni.