Kuyafuata maji ya Ruaha kwa basi

Tuliondoka stendi ya Nane Nane, Mbeya, saa 12 asubuhi. Ilikuwa Julai, na ukijua baridi ya Uyole mwezi huo sina haja ya kueleza. Nilikuwa naenda Dodoma kumsalimu dada, ila nilichagua basi la kupitia Iringa kwa sababu yangu: nilitaka kuliona bwawa la Mtera.

Mwaka 2011 nilikuwa na saluni ya kunyoa pale Mwanjelwa. Ukame ukalishusha bwawa, mgao wa umeme ukaanza. Kuna mteja alibaki na nusu ya nywele hadi saa 2 usiku. Jenereta ya kukodi ikala faida, kisha ikala mtaji, nikarudisha funguo kwa mwenye fremu. Bwawa lililonifilisi sikuwahi kuliona.

Igurusi alipanda mama mmoja, viroba vyake sita vya mchele vikaingia kwenye buti. Kushoto kwetu bonde la Usangu lilikuwa limebaki mabua.

"Mama, mwaka huu mmevuna?"

"Mungu mkubwa, mwanangu. Maji ya mfereji hayakutuangusha."

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kunisumbua. Maji ya mifereji ile ni ya Ruaha Mkuu. Yasipoishia mashambani yanapita ardhioevu ya Ihefu, yanakatiza Hifadhi ya Ruaha, yanafika Mtera na kuzungusha mitambo ya megawati 80. Yakitoka hapo yanateremka Kidatu, megawati 204. Siku hizi, yakishaingia Rufiji, yanakuta Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Maji yale yale, kazi mara tatu. Na tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi.

Tumezoea kusikia kwamba umeme wa maji unakuza uchumi. Sibishi, mimi ni shahidi wa unapokosekana. Ila huku Usangu uchumi wenyewe ndio unaotangulia kunywa, na mabwawa yanapata kilichobaki. Nani angemwambia yule mama aache kulima ili kinyozi wa Mwanjelwa apate umeme? Ada za watoto zilikuwa kwenye buti. Nilikula karanga zake nikanyamaza.

Makambako chai. Mafinga nikaona nguzo za umeme za mikaratusi zimepangwa, zikisubiri malori. Nilipoamka tulikuwa Ipogolo, tunavuka Ruaha Mdogo, nao unaelekea Mtera.

Baada ya milima ya Nyang'oro joto likabadilika, makoti yakavuliwa. Basi likasimama Migoli, wauza samaki wakazunguka madirisha. Muda mfupi baadaye tulipita juu ya ukuta wa bwawa, konda akitukumbusha kutopiga picha. Maji yalikuwa mengi, yametulia, hayana habari na mimi. Yakishuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo inazimwa. Kujaa kwake ni mita 698.5. Mita nane na nusu tu! Saluni yangu ilikuwa ndani ya mita hizo.

Pale Migoli nilikuwa nimenunua perege wakavu kwa dada mmoja, waya nene za umeme zikipita mbali nyuma yake. Nikamuuliza mbona hauzi wabichi.

"Umeme tunao, kaka. Friza ndiyo sina."

Akageuza samaki wengine juani.