Jinsi nilivyokwepa kuitafuta kwini ya uru

Mkono huu wa briji, mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, tuliucheza Kisumu, jua likiwa limeshaanza kuegemea upande wa ziwa. Aliyezoea poka ya mtaani ashike kwanza tofauti: hapa humalizi karata, unashindania kula raundi, yaani kila mmoja anatoa karata moja na kubwa inakula. Raundi ni 13. Niliahidi kula 10, na huo ndio mkataba, turufu ikiwa shupaza.

Nilikaa Kusini na karata hizi:

Shupaza: esi, jeki, 10, 7, 3
Kopa: kingi, 7
Uru: kingi, 10, 6
Pau: kwini, 9, 3

Mwenzangu wa Kaskazini akalaza zake mezani, nizicheze mimi pamoja na zangu:

Shupaza: kingi, kwini, 8, 4
Kopa: esi, 6, 2
Uru: esi, jeki, 5
Pau: 8, 7, 4

Wapinzani wetu walikuwa Magharibi na Mashariki. Magharibi alikuwa ameshaanza na kwini ya kopa.

Kabla sijagusa karata hata moja nilihesabu hasara. Shupaza hazina shida, kopa hazina shida. Pau zinaweza kuliwa zote 3, na hizo naweza kuzivumilia. Hasara ya 4 ndiyo inayoua mkataba, nayo ni kwini ya uru. Unaweza kuitega kwa Mashariki kwa kucheza kutoka mezani kuelekea kwenye 10, au kuitega kwa Magharibi kwa kucheza kutoka mkononi kuelekea kwenye jeki. Ukikosea upande, umekwisha. Wachezaji wengi hubahatisha hapo hapo, na mimi naona ni makosa, kwa sababu uru za namna hii zina sifa moja nzuri sana: mpinzani yeyote akizianza yeye, kwini haina pa kujificha. Magharibi akianza na ndogo, naweka 5 mezani; Mashariki akitoa kwini naila kwa kingi, asipoitoa 10 yangu inakula. Mashariki akianza, mambo ni yale yale kwa upande wa pili, jeki ikingojea mezani.

Basi kazi ikawa kuwalazimisha wazianze wao. Ili iwezekane, mtu anayeshika zamu asiwe na karata nyingine salama ya kutokea.

Kopa ya kwanza niliila kwa kingi. Kisha turufu: esi, halafu 3 kuelekea kwini, ambapo Magharibi alitupa kopa. Kumbe Mashariki alikuwa nazo 3. Mgawanyo huo wa 3 kwa 1 hutokea karibu nusu ya mara zote turufu 4 zikiwa kwa wapinzani, kwa hiyo usiuone kama mkosi. Nikacheza kingi ya shupaza, zikaisha. Sasa mezani ilibaki 8 moja tu ya turufu, na mkononi jeki na 10. Ile 8 ndiyo roho ya mpango mzima. Ukiongeza raundi moja ya turufu kwa mazoea, meza inabaki mikono mitupu na mtego unafunguka.

Kutoka mezani nikacheza esi ya kopa, kisha 6 ya kopa, nami nikiwa sina kopa tena mkononi nikaikata, yaani nikaila kwa turufu, 10 ya shupaza. Kopa zikawa zimekwisha pande zangu zote mbili. Hatua hii hairukwi. Ukikimbilia pau ukiwa bado na kopa, Magharibi atakula pau yake, atoke salama kwa kopa, na wewe utabaki na swali lile lile la uru.

Hapo ndipo nilipocheza 3 ya pau na kuwaachia. Mashariki akala kwa 10, akapiga kingi, akacheza 2; kwini yangu ikamezwa na esi ya Magharibi. Hasara 3, na wala haijalishi nani anakula ile ya mwisho.

Magharibi alibakiwa na jeki ya kopa, jeki ya pau na uru mbili, 8 na 4. Mimi nilikuwa na jeki ya shupaza na uru 3. Mezani 8 ya shupaza na uru 3. Akianza uru ananipa kwini. Akianza kopa au pau, sina karata hizo upande wowote, kwa hiyo nakata upande mmoja na kutupa uru upande mwingine. Alichagua jeki ya pau. Nikakata kwa ile 8 mezani, mkononi nikatupa 6 ya uru.

Kuna jambo moja linaloharibu mkono huu hata kwa anayejua mpango: kupiga kingi ya uru mapema “kujaribu tu”. Ukifanya hivyo, siku Magharibi analazimika kuanza uru, mezani umebaki na esi na jeki bila ndogo. Ukipandisha esi, kwini bado i hai. Ukipandisha jeki, Mashariki mwenye kwini anaila. Uru usiziguse kabisa mpaka wazilete wao au wakupe kata ya bure. Na turufu zote 4 zikiwa kwa mtu mmoja, mpango huu hauna tena uhakika huo, maana meza itaishiwa mapema.

Nilimalizia kwa esi ya uru, 5 kuelekea kingi, kisha jeki ya shupaza. Kwini ya uru ilikuwa kwa Mashariki muda wote, ikaangukia chini ya jeki hiyo katika raundi ya 13. Tulikula 10, tukaandika pointi 420.