"Mama, kwangu ipo": jinsi nilivyotafuta mahali intaneti inapokatikia

Nafundisha Kiswahili kwa wageni kupitia intaneti, nikiwa nyumbani Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam. Mwaka 2024, kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba, kazi hiyo ilinitesa. Niko katikati ya kumweleza mwanafunzi wangu wa Leipzig kwa nini tunasema "ukuta umeanguka" lakini "kuta zimeanguka", uso wake unaganda, sauti inakatika, na alama ya mtandao chini ya kioo cha kompyuta inabadilika. Baada ya nusu dakika inarudi. Dakika kumi baadaye inakatika tena. Mtu anayejifunza lugha anahitaji kusikia sentensi hadi mwisho. Ukimkatia katikati mara tano, somo zima linapotea na pesa yake pia.

Kila nilipopiga kelele kutoka chumbani, mwanangu Imani, aliyekuwa kidato cha tatu, alijibu kutoka sebuleni akiwa na simu yake: "Mama, kwangu ipo!" Nilimwona kama hanisaidii. Kumbe jibu lote lilikuwa ndani ya maneno hayo, nami nilichelewa kuyasikia.

Kilichonichelewesha zaidi ni tukio la Jumapili, 12 Mei 2024. Siku hiyo kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikaanguka Tanzania na nchi jirani. Hizo ndizo kebo zilizotufungulia mlango wa dunia: Seacom ilianza kazi hapa mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Kwa siku kadhaa mji mzima ulikuwa unalalamika, na mimi nikaunganisha shida yangu na ya wote. Jirani yangu Mama Asha aliniambia, "Shoga, si wewe peke yako, ni mambo ya baharini." Nikatulia nikisubiri meli ya matengenezo. Lakini wiki zikapita, Mama Asha akarudi kutazama video zake bila shida, benki na maduka yakarudi kawaida, kwangu bado. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri vizuri: tatizo la bahari haliwezi kubaki kwenye chumba kimoja cha Kunduchi.

Nilipiga simu kwa kampuni inayotuuzia huduma. Dada wa upande wa pili alikuwa mpole, akaniambia nizime ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, nisubiri sekunde 30, niwashe. Nilifanya hivyo mara nyingi hadi kidole kikazoea. Baadaye wakamtuma fundi. Alitazama taa za ruta, ile nyekundu iliyoandikwa LOS, ambayo huwaka mwanga wa faiba usipofika, haikuwaka, akapima nguvu ya mwanga kwenye faiba, ule uzi wa kioo unaoleta intaneti nyumbani, akasema, "Mama, laini yako iko safi. Tatizo liko kwenye kompyuta." Sikumwamini kabisa siku hiyo, lakini kuhusu laini alikuwa sahihi.

Basi nikapeleka kompyuta kwa fundi wa kompyuta. Akafuta kila kitu na kuweka Windows upya, akachukua shilingi 30,000. Nilirudi nyumbani nimejaa matumaini, na alasiri ile ile intaneti ikakatika. Ninasema hili kwa uchungu kwa sababu najua wengi wanapitia njia hiyo: kompyuta inafutwa kabla mtu yeyote hajajua tatizo liko wapi.

Usiku huo nilichukua daftari la shule la Imani ambalo halijatumika, nikachora safu nne: tarehe, saa, imechukua muda gani, na "simu nayo?" Safu hii ya nne ndiyo iliyoniokoa. Kila kompyuta ikipoteza intaneti, nilimuuliza Imani au nikatazama simu yangu, iliyokuwa kwenye Wi-Fi ya ruta ile ile, kisha nikaandika ndiyo au hapana.

Pamoja na daftari niliweka mlinzi ndani ya kompyuta yenyewe. Kwenye Windows unaandika cmd sehemu ya kutafutia, linafunguka dirisha jeusi. Ukiandika ipconfig utaona mstari wa Default Gateway. Namba iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta yako. Yangu ni 192.168.1.1. Nilifungua madirisha mawili. La kwanza niliandika ping 192.168.1.1 -t, yaani kompyuta iite ruta tena na tena bila kuacha. La pili niliandika ping 8.8.8.8 -t, na hiyo ni seva ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yangu. Mantiki yake ni kama kubisha hodi. Ukibisha mlango wa sebuleni kwako ukajibiwa, lakini wa mbali hajibu, njia imekatika baada ya nyumba yako. Lakini kama hata wa sebuleni hajibu, usipige simu popote, usilaumu bahari wala mnara: kilichokatika kiko kati ya kiti chako na ruta, au ni ruta yenyewe.

Kwa siku kumi na moja niliandika. Mwisho nilihesabu: imekatika mara 23. Kati ya hizo, mara 17 ruta haikujibu kompyuta lakini simu ilikuwa na intaneti. Mara sita nyumba nzima ilikosa, simu na kompyuta pamoja. Nilikaa na daftari mezani nikajua kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa natafuta ugonjwa mmoja wakati mgonjwa ana magonjwa mawili. Ndiyo maana kila dawa ilionekana kama haifanyi kazi.

Nilianza na zile 17. Karibu zote zilikuwa kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja. Watu waliniambia ni muda ambao watumiaji ni wengi. Lakini watumiaji wengi hawawezi kuzuia kompyuta yangu isiongee na ruta iliyo hatua chache kutoka chumbani. Nikazima masomo ya siku moja, nikakaa tu kuangalia mistari ya ping ikishuka. Majibu ya ruta yalikuwa yanakuja chini ya milisekunde moja, moja baada ya nyingine. Saa tisa kasoro upepo wa kusi ukaanza kuvuma kama kawaida ya mwezi wa saba. Pazia likajaa kama tanga la ngalawa, likarudi, likajaa tena. Na mistari ikasimama.

Niliinama nyuma ya kompyuta. Pale kebo inapochomekwa kuna taa ndogo ya kijani. Ilikuwa imezimika. Pazia lilipolegea, ikawaka.

Hapa inabidi nieleze kebo yenyewe. Kompyuta yangu ya mezani haina Wi-Fi, na mwenye nyumba hakutaka tutoboe ukuta, kwa hiyo aliyetufungia miaka mitatu nyuma aliipitisha kebo nje: kutoka dirisha la sebuleni, kufuata ukuta, hadi dirisha la chumba changu, ndani ya nondo, chini ya pazia. Kile kilimi cha plastiki kwenye kichwa cha RJ45, kinachotoa sauti ya "tak" unapochomeka, kilikuwa kimevunjika. Kichwa kilikuwa kimekaa tu kwenye tundu bila kushikwa. Pazia lilipovutwa na upepo, lilivuta kebo, na kebo ikasogeza kichwa kiasi cha nusu ya unene wa kucha. Hicho kilitosha. Kompyuta ikipoteza mguso na ruta, lazima zianze upya kutambuana na kukubaliana kasi, na hizo ndizo sekunde ambazo mwanafunzi wangu aliona uso wangu umeganda.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kwenye mipangilio ya mtandao, kompyuta ilionyesha imeunganishwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, wakati yenyewe na ruta zote zinaweza 1,000. Ndani ya kebo kuna nyaya nane, jozi nne. Kasi ya 1,000 inahitaji jozi zote nne. Ile ya 100 inatosheka na mbili. Kwa hiyo ukiona vifaa vinavyoweza 1,000 vimeshuka hadi 100, shuku kebo kwanza: huenda kuna waya umekatika au kichwa kimeoza. Yangu, nilipoikagua nje, ganda lilikuwa limepasuka kwa jua, kwa sababu ilikuwa kebo ya ndani iliyowekwa nje. Na kichwa cha upande wa ruta, karibu na dirisha linalopokea hewa ya chumvi, kilikuwa na rangi ya kijani kwenye vile vijino vya shaba.

Kabla ya kununua chochote, niliazima kebo ndefu kwa rafiki, nikaitandaza sakafuni kutoka sebuleni hadi chumbani, tukawa tunairuka kwa siku mbili. Upepo ulivuma, pazia likacheza, ruta ikajibu muda wote. Kasi ikaonyesha 1,000. Hapo ndipo nilipotoa pesa.

Nilikwenda Kariakoo. Muuzaji alinionyesha kebo mbili zinazofanana kabisa, moja karibu nusu ya bei ya nyingine. Nilimwomba anikwangulie waya kwa wembe. Ya bei ndogo ilikuwa na rangi ya shaba juu tu, ndani nyeupe: ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ya pili ilikuwa shaba hadi ndani. "Dada, hii ya nje, ganda jeusi, jua haliisumbui," akaniambia. Nikachukua mita 20. Kijana wa pale akabana vichwa viwili kwa koleo lake, akizipanga nyaya kwa rangi, kuanzia nyeupe yenye mstari wa machungwa hadi kahawia, kisha akapima kwa kifaa chake taa nane zikawaka kwa zamu pande zote mbili. Usiondoke dukani kabla ya taa hizo nane.

Nyumbani nilifunga kebo kwenye nondo kwa vibano vya plastiki ili pazia lisiweze kuifikia. Nje, kabla haijaingia dirishani, niliiacha ining'inie kidogo chini ya kizingiti, maji ya mvua yadondokee pale badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Zikabaki zile sita za nyumba nzima.

Hizi daftari lilizionyesha asubuhi karibu saa moja, na jioni. Safari hii Imani ndiye aliyeona. Alisoma ukurasa, akanyamaza, akasema, "Mama, hizi saa ni za pampu." Baba yake huwasha pampu ya kupandisha maji kwenye simtank kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi. Pampu ikianza, taa za ndani hufifia kidogo kwa sababu mota inavuta umeme mwingi sekunde ya kwanza. Tukajaribu: Imani kwenye swichi ya pampu, mimi mbele ya ruta. Tukawasha mara tatu. Mara mbili taa zote za ruta zilizimika, ikaanza kuwaka upya kutoka mwanzo, na hiyo huchukua dakika mbili au zaidi.

Tulimwita fundi umeme wa mtaani. Alipima adapta ya ruta kwa mita. Imeandikwa volti 12, lakini ikiwa imebeba ruta ilikuwa inatoa chini ya 11, na pampu ilipowaka ikaporomoka. Aliifungua, akanionyesha kapasita moja, kile kidude kinachotunza akiba ndogo ya umeme, imevimba juu kama kifuniko cha soda. Adapta isiyo na hitilafu huvumilia umeme ukishuka kidogo ukutani. Iliyochoka haina akiba tena. Alinielekeza jambo ambalo naomba kila mtu alizingatie anaponunua nyingine: volti lazima zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye ruta, ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue, na alama ya chanya na hasi ya kichwa iwe ile ile. Ya kwangu ni volti 12, ampea moja. Nilinunua ya ampea moja na nusu. Tukawasha pampu mara kumi. Ruta haikutikisika.

Ukurasa wa daftari wa wiki mbili zilizofuata ulikuwa mweupe. Mwanafunzi wangu wa Leipzig alimaliza ngeli zote, na siku ya mwisho alizungumza nami dakika 50 kwa Kiswahili kitupu, bila hata mmoja wetu kuuliza kama mwenzake anasikia.

Katikati ya Agosti ilikatika tena, mara moja. Nilitazama madirisha mawili meusi: ruta inajibu, 8.8.8.8 kimya, simu nayo haina, na taa nyekundu ya LOS inawaka. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada alipoanza kuniambia nizime ruta, nilimweleza kwa heshima nilichokiona, na saa niliyokiona. Akanyamaza kidogo, nikasikia anaandika. "Sawa mama, namtuma fundi kwenye nguzo ya mtaani kwenu." Jioni ile walikuta faiba imevutwa na lori lililopita na mzigo mrefu, wakaiunga kabla ya saa mbili usiku.