Kumbukumbu ya mradi wangu: injini ya cc 125 inayokula oili

Pikipiki hii ilikuwa inapunguza oili na kutoa moshi wa buluu, na karibu kila aliyeiona alinishauri nibadilishe ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba mwanya kati ya pistoni na silinda. Ushauri huo una msingi, lakini ringi mpya ndani ya silinda iliyolika hazidumu, kwa hiyo niliamua kupima kwanza na kununua baadaye.

Moshi wenyewe ulielekeza pande mbili. Ulizidi injini ilipobeba mzigo, jambo linaloashiria ringi na silinda. Lakini pia ulitoka kwa wingi injini ilipowashwa baada ya kulala, na huo kwa kawaida ni wa oili iliyoteremka kupitia sili za valvu. Kipima mgandamizo kilisaidia kuutenganisha. Injini ikiwa ya moto na mkono wa mafuta umefunguliwa wote, nilipiga kiki hadi mshale ukaacha kupanda: ukasimama kwenye kilo 7 kwa sentimita ya mraba, ilhali kitabu cha injini hii kinataka karibu 12. Nilipomimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na kurudia, ulifika 10. Oili huziba kwa muda mwanya wa ringi, lakini haizibi valvu. Hivyo hasara kubwa ilikuwa kwenye silinda, na valvu nazo hazikuwa salama.

Baada ya kufungua, nilitumia ringi ya juu iliyochakaa kama kipimo, njia ninayoipenda kwa sababu haihitaji chombo cha gharama. Niliisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kwanza chini kabisa mwa silinda mahali ambapo ringi hazifiki, kisha juu mahali palipolika zaidi. Mwanya wa ncha zake ulikuwa milimita 0.45 chini na 0.75 juu. Ringi ni ileile, kwa hiyo tofauti ya 0.30 ni ya silinda peke yake, na ukiigawanya kwa 3.14 unapata kipenyo kilichoongezeka kwa takriban milimita 0.1. Njia hii haionyeshi kama silinda imekuwa yai. Fundi wa mashine ndiye aliyethibitisha hilo kwa geji yake.

Konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), nilikuwa nikiihofia zaidi, kwa kuwa kuibadilisha kunalazimu kufungua injini yote. Niliishika krenki isizunguke, pistoni ikiwa juu, nikaivuta konrodi na kuisukuma wima: haikucheza hata kidogo. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, na hakukunisumbua.

Petroli niliyoimimina kwenye njia ya ekzosi ilivuja kupitia valvu, hivyo nikaisaga valvu hiyo kwa grisi ya kusagia hadi kiti chake kikaonyesha mduara wa kijivu usiokatika, kisha nikaweka sili mpya.

Lakini kwa nini silinda ililika hivyo? Mikwaruzo yake ilikuwa ya wima, myembamba na mingi, kama ya vumbi, na mpira unaounganisha kichujio cha hewa na kabureta ulikuwa na ufa upande usioonekana bila kuung'oa. Nisingeubadilisha, kazi yote hii ingekuwa bure.

Nilinunua pistoni ya ovasaizi ya 0.25, yaani kubwa kuliko ya asili kwa milimita 0.25, kabla ya silinda kuchongwa, ili fundi aipime pistoni yenyewe na kuchonga kuifuata, wala si kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi. Wakati wa kufunga, alama za ringi zilitazama juu na mianya yake ikaachana, na mdomo wa krenkesi (nyumba ya krenki) niliuziba kwa kitambaa wakati wa kuingiza klipu za pini ya pistoni, maana klipu ikidondoka humo unarudi kuanza upya. Nati za kichwa cha silinda nilizikaza kwa kupishana, hatua kwa hatua.

Mgandamizo sasa ni kilo 11.5 na moshi umekoma. Sasa ninaiendesha kwa mzigo wa wastani unaobadilika-badilika ili ringi zikae. Nitamwaga oili mapema kuliko kawaida, kisha nitapima tepeti (mwanya wa valvu) upya injini ikiwa baridi.