Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya vumbi, Hyde Road, 1976

Watoto wangu wanapowasimulia wenzao kwamba baba yao alifanya kazi katika mashindano ya pikipiki mjini Manchester, wasikilizaji hunitazama upya, kana kwamba nilikuwa nimeficha cheo. Nami hulazimika kuwavunja moyo, kwa sababu sikuendesha pikipiki hata siku moja. Nilishika reki. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa kiwandani, na Jumamosi, katika msimu ulioanza Machi na kwisha Oktoba, nilikuwa mmoja wa watunza njia wa uwanja wa Hyde Road, nyumbani kwa timu ya Belle Vue Aces. Jumamosi ninayoieleza hapa ni ya kiangazi cha mwaka 1976, mwaka wa joto na ukame ambao Waingereza wa umri wangu bado wanautaja. Saa nitazitaja kwa hesabu yetu ya Kiswahili, maana hata kule niliendelea kuhesabu hivyo kichwani.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri na kukuta jua limekwisha kuchomoza. Mke wangu, mzaliwa wa Unguja kama mimi, alikuwa amenifungia vipande vya mkate wa kumimina pamoja na chupa ya chai, nami nikapanda basi la kwanza. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa langoni. Uwanja huo ulipakana na bustani kubwa ya burudani yenye wanyama, ambayo sehemu yake ya wanyama ilifungwa mwaka uliofuata, 1977, na asubuhi kabla mji haujaamka sauti zao zilitufikia vizuri. Mimi, niliyekulia kisiwani ambako hakuna simba, nilimsikia simba akinguruma kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiwa nimeegemea toroli huko Manchester.

Saa moja kamili tulianza kumwagilia maji. Hapa sina budi kueleza, kwa sababu bila jambo hili mchezo wa spidiwei haueleweki kwa mtu ambaye hajauona. Pikipiki za mchezo huu zina injini ya sentimita za ujazo 500, gia moja tu, na hazina breki za aina yoyote. Mwendeshaji huingia kwenye kona kwa kasi, hulilaza gurudumu la nyuma liteleze kwa upande, na kuligeuzia la mbele upande wa kulia huku yeye mwenyewe akienda kushoto, mguu wake wa kushoto ukiburuza chini ndani ya kiatu kilichofunikwa kwa chuma. Mteleko huo ndio usukani wake na ndio breki yake. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ile changarawe nyekundu, iliyosagwa vizuri, inayotandazwa juu ya msingi mgumu. Ikiwa kavu mno hugeuka vumbi na kuacha msingi wazi. Ikiloa mno huwa tope linalonasa gurudumu bila taarifa. Njia yetu ilikuwa na urefu wa mita 382 hivi, ndefu kuliko nyingi za Uingereza, na kona zake pana ziliwaruhusu watu kukimbia kwa kasi kubwa, jambo lililofanya kila kosa letu liwe na uzito zaidi.

Msimamizi wetu, mzee aliyekuwa pale tangu miaka ya baada ya vita, hakutumia kipimo chochote. Aliteka changarawe, akaifumbata, akafumbua kiganja. Donge likishikana kama unga wa maandazi ulioanza kukandwa, aliridhika. Likimwagika kama sukari, gari la maji lilizunguka tena. Asubuhi ile lilizunguka mara nyingi kuliko nilivyowahi kuona, na kila lilipomaliza kona ya nne, kona ya kwanza ilikuwa imekwisha kupauka.

Kuanzia saa tatu trekta lilipita likiburuta chuma cha kusawazishia, nasi tukafuata kwa reki na makoleo. Magurudumu huitupa changarawe nje, kuelekea kwenye uzio, na kazi ya mtunza njia ni kuirudisha ndani, wiki baada ya wiki, kama mtu anayefagia pwani. Nitakiri kwamba niliipenda kazi hii kuliko ile ya kiwandani, ambako sikuwahi kuona mwanzo wala mwisho wa kitu nilichokishika.

Saa tano tulikaa kivulini kunywa chai. Mzee alikuwa na tabia ya kuzungumza habari za Peter Craven, mtu mdogo wa umbo aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1955 na tena mwaka 1962 akiwa mchezaji wa Belle Vue. Septemba 1963 Craven alikwenda kukimbia Edinburgh, mwenzake akaanguka mbele yake, naye akakwepa ili asimgonge, akaingia kwenye uzio, na siku chache baadaye akafariki akiwa na umri wa miaka 29. Mzee hakuisimulia habari hiyo kwa machozi. Aliisimulia kila mara alipomwona kijana anaharakisha kazi ya reki, kisha akainuka bila kuongeza neno, nasi tukainuka.

Mchana haukuwa na la maana isipokuwa joto. Tulikula saa saba, tukalala chini ya jukwaa, na tulipotoka maji yote ya asubuhi yalikuwa yamekwenda.

Saa tisa ndipo kosa lilipotokea, na nalieleza kama langu kwa sababu lilikuwa langu. Tulimwagilia tena, na mimi nilipewa kona ya pili. Mahali pa kutokea kwenye kona hiyo, karibu na uzio, palikuwa na kipande kisichozidi urefu wa meza mbili ambapo changarawe ilikuwa nyembamba na msingi ulianza kuonekana. Nilikiona. Nilikipitishia reki, nikakifunika, kikaonekana sawa na pengine pote, na nikasonga mbele bila kuleta toroli jingine wala kumwita mwenye maji, kwa kuwa mabega yalikuwa yananiuma na saa zilikuwa zinakimbia.

Saa kumi na moja jioni wachezaji walianza kuwasili, kila mmoja akiwa amefunga pikipiki yake nyuma ya gari. Watu wa siku hizi, waliozoea kuona wanamichezo wakishuka kwenye mabasi ya fahari, wangeshangaa. Waendeshaji hawa walikuwa wakizunguka nchi nzima, kwani kila uwanja ulikuwa na siku yake: Jumatano Poole, Alhamisi Sheffield, Jumamosi kwetu, na mtu aliyevunja injini usiku mmoja alikesha akiitengeneza kwa ajili ya kesho. Walitoka Australia, New Zealand, Uswidi na Denmark, na ligi ya Uingereza ndiyo iliyowapa riziki. Mwaka ule mabishano ya mafundi yalihusu injini. Kwa miongo mingi ilitawala JAP ya Kiingereza, kisha Jawa kutoka Chekoslovakia, na sasa ilikuwa imeingia Weslake, ya Kiingereza tena, yenye vali nne. Sisi wa reki tuliitambua kwa masikio kabla ya kuiona, kwa kuwa mlio wake ulikuwa mkali zaidi, na kwa macho pia, kwa sababu ilichimba mfereji mkubwa zaidi pale pa kuanzia.

Wakati huo huo mtoto wa dada yangu alifika. Alikuwa baharia, na meli yake ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Salford, nami nilikuwa nimemwombea nafasi ya kusimama karibu na lango la watunza njia. Alichelewa kidogo kwa kuwa nilimwandikia saa kumi na moja, na mwenzake wa melini, Mwingereza, alimhakikishia kwamba hiyo ni saa tano ya asubuhi, ndipo wakabishana hadi mchana.

"Mjomba, hawa kweli hawana breki?" aliniuliza.

"Hawana."

"Na akitaka kusimama?"

"Anaacha kukaza moto, anasubiri."

Alicheka, akidhani namfanyia mzaha.

Saa moja na nusu mbio ya kwanza ilianza, jua likiwa bado juu ya mapaa. Wanne walijipanga nyuma ya utepe, wawili wa nyumbani wakiwa na vifuniko vyekundu na vya buluu kichwani, wageni weupe na njano. Refa alibonyeza kitufe, utepe ukaruka juu, klachi zikaachiwa, na changarawe yetu ya saa kumi na mbili za kazi ikapaa hewani. Harufu yake siwezi kuisahau. Injini hizo huchoma methanoli, ambayo haina harufu nzito, lakini zililainishwa kwa mafuta yaliyotokana na mbarika, na kwa mtu kama mimi, ambaye bibi yake alimnywesha mafuta ya mbarika kijiko kizima kila likizo ya shule, furaha ya uwanja mzima ilinijia pamoja na kichefuchefu kidogo. Watu waliosimama kwenye kona walijikinga nyuso kwa vitabu vya ratiba. Mizunguko minne ilikwisha kwa sekunde 70 na kidogo, na mpwa wangu akauliza kama hiyo ndiyo yote.

Nilimweleza kwamba ziko mbio 13, kwamba wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, na wa mwisho hapati kitu, na kwamba utamu uko katika hesabu hiyo, kwa sababu mtu wa tatu anayepigania pointi yake moja anaweza kuamua usiku mzima. Nilimwonyesha Peter Collins, kijana wa upande wetu wa Manchester, aliyesifika kwa kuanza vibaya na kuwapita wote kwa nje, akiutafuta ule ukingo wa changarawe nzito karibu na uzio ambao wengine waliuogopa. Septemba ya mwaka huo huo, huko Chorzów nchini Poland, alitwaa ubingwa wa dunia, Mwingereza wa kwanza tangu Craven. Nilimwonyesha pia Chris Morton, ambaye alikuwa bado kijana sana na ambaye mwili wake wote ulionekana kuning'inia nje ya pikipiki.

Halafu ikaja mbio ya tano. Mgeni mmoja wa akiba, jina lake silitaji, alitoka kwenye kona ya pili akiwa wa tatu, gurudumu la nyuma likiteleza kama inavyotakiwa, kisha likafika kwenye kile kipande changu. Pale gurudumu lililokuwa likiteleza likashika ghafla. Pikipiki ilisimama kwa gurudumu la nyuma, ikanyooka moja kwa moja kuelekea kwenye uzio, na mwendeshaji akaiachia kabla haijafika, akabingirika mara tatu au nne kwenye vumbi. Taa nyekundu ziliwaka. Nilikuwa wa kwanza kufika, kwa kuwa nilijua mahali penyewe hata kabla hajaanguka. Watu wa huduma ya kwanza walimkagua, akasimama, akanyoosha bega, na umati ukampigia makofi, wa nyumbani na wa ugenini pamoja, desturi ambayo sijaiona katika mpira wa miguu.

Hakwenda moja kwa moja kwa mafundi. Alirudi hatua kumi na tano, akasimama kwenye kile kipande, akakikwaruza kwa kile kiatu cha chuma, na msingi ukaonekana mweupe. Alinitazama, akaitazama reki yangu. Hakusema lolote. Nilileta matoroli matatu, yule mzee akaleta maji mwenyewe, na mbio iliyorudiwa ilipoanza hakuna aliyeniuliza kitu, ingawa nilikuwa nimejiandaa kujibu.

Mbio zilizobaki nilizitazama magurudumu tu. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuwa shabiki, akijaza pointi katika kitabu chake na kubishana kwa ishara na bibi mmoja wa Kiingereza mwenye skafu aliyoifuma kwa rangi za timu, na aliponishika mkono kunionyesha Collins akimpita mtu kwa nje, mimi nilikuwa nikiangalia kama mstari alioutumia ungestahimili hadi mbio ya mwisho. Ulistahimili.

Saa tatu na nusu jua lilizama na mbio zikawa zimekwisha. Tulibaki hadi saa nne na nusu tukirudisha changarawe ndani, kwa maana iliyoachwa usiku mzima kwenye uzio hugandamana, na mzee alipita kona ya pili akiburuza buti yake, akasita kidogo, akaendelea. Nilimsindikiza mpwa wangu hadi kituo cha basi la Salford, nikapanda la kwangu, na kondakta akanitaka nisikae kwenye kiti kwa jinsi nilivyokuwa mwekundu.

Uwanja huo uliuzwa na mashindano ya mwisho ya spidiwei yakafanyika pale Novemba 1, 1987. Lakini usiku ule nilifika nyumbani karibu na saa sita, nikanawa mara tatu, na maji ya beseni yakatoka mekundu mara zote tatu. Mke wangu aliuliza kutoka chumbani nani ameshinda. Nilimjibu kwamba hakuna aliyeumia sana, kisha nikaanza kumweleza habari za kona ya pili, nikamweleza tangu saa tisa, mpaka niliposikia pumzi zake na kujua kwamba amelala.